Mwongozo wa Shujaa Anayejijengea Tela

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwongozo huu ni wa shujaa.

Shujaa ni yule aliyeona picha ya tela dogo la kulala, lile la umbo la tone la chozi: mbele limevimba, nyuma limeshuka, ubavuni lina mlango mmoja, ndani godoro limeenea ukuta hadi ukuta, na nyuma kuna kifuniko ambacho ukikiinua unakuta jiko. Akasema hapohapo, hiki nakitengeneza. Fundi wa kuchomelea yupo mtaa wa pili. Plaiwudi haziishi Keko. Desemba familia inalala Lushoto, na mwenye hoteli atajijua mwenyewe.

Nia ni njema na wala si ngeni. Wamarekani walikuwa wakijijengea matela haya tangu miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia jarida la Popular Mechanics lilichapa ramani yake mwaka 1947 ili mtu yeyote mwenye msumeno ajaribu nyuma ya nyumba yake. Vipimo vya kawaida ni vilevile hadi leo: futi 4 kwa futi 8, yaani karatasi moja ya plaiwudi. Ndiyo maana kila mtu huanza na plaiwudi. Huchora umbo, hukata ubavu, hupiga msasa, huwaita majirani waje kuona. Chuma kitakachobeba vyote hivyo hukumbukwa mwishoni, Ijumaa jioni, mke ameshafunga mabegi. Hapo ndipo mwongozo huu unapoanza kukufaa.

Nunua ekseli kabla hujajua itabeba nini

Nenda kwenye vyuma chakavu. Usiende na karatasi, usiende na tepu. Mwambie muuzaji unataka ekseli imara, basi, naye atakuelewa. Atakuongoza hadi kwenye rundo ambako ekseli ya nyuma ya Hilux imelala na springi zake, imetapakaa oili, na ataipiga teke ili kukuthibitishia. "Bosi, hii haivunjiki. Hii imebeba saruji miaka yote." Anasema kweli, na shida iko hapohapo.

Springi iliyotengenezwa kubeba tani nzima ya saruji haina habari kwamba umeiwekea kilo 500. Haijikunji. Gari likipita kwenye tuta, ekseli inaruka, chasisi inaruka, plaiwudi inaruka na mayai yanaruka, vyote kwa pamoja na kwa kimo kimoja. Springi imewekwa pale ijikunje ili mwili wa tela usisikie. Isipojikunja, umenunua mkokoteni kwa bei ya Hilux. Tuseme unalipeleka Serengeti. Kutoka lango la Naabi hadi Seronera barabara imejikunja kama bati, na kila mkunjo utafika bila kupunguzwa kwenye kila skrubu uliyoifunga kwa mikono yako. Jioni utaokota bawaba sakafuni. Kiungo cha mpira wa gesi nacho kitakuwa kimelegea, lakini hicho hutakiona. Utakinusa.

Huko Marekani kosa hili lina namba yake. Moja ya ekseli zinazopatikana kirahisi zaidi madukani ni ile ya pauni 3,500, kama kilo 1,590, na wajenzi huichukua kwa tela lenye theluthi ya uzito huo, hoja ikiwa kwamba nguvu ikizidi haidhuru. Inadhuru. Ekseli dhaifu hupinda na unaiona imepinda. Ekseli yenye nguvu kupita kiasi haipindi ng'o. Inavunja polepole kilicho juu yake, nawe unalaumu gundi.

Ukibahatika kupata ekseli yenye difu lake, usilitoe. Shujaa halitoi. Anakokota donge zima la chuma ambalo gia zake zinazunguka bila kuendesha chochote, oili inavuja kwenye sili, na mafuta ya gari lake yanalilipia difu hilo nauli ya kwenda Lushoto na kurudi.

Na kama hata Hilux imekushinda bei, kuna ekseli ya mkokoteni. Mafundi wetu wanaijua kazi hii kweli kweli. Mikokoteni mingi ya mjini, na ile ya punda huko vijijini, imekaa juu ya ekseli za magari yaliyokufa zamani, na inafanya kazi. Inafanya kazi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Beringi ambayo haijapata joto tangu ihamie sokoni itakutana na kilomita 80 kwa saa siku unayoelekea Chalinze. Ukiwa umeweka na vile vitairi vya rimu ya inchi 8, ujue kwamba kwa mwendo huo vinazunguka mara elfu moja hivi kwa dakika, karibu mara mbili ya tairi la gari kubwa linalovivuta. Simama Mlandizi, shuka, weka kiganja juu ya habu. Ikiwa huwezi kukiacha hapo, beringi inaungua, na mwongozo huu umefanya kazi yake mapema kuliko nilivyotarajia.

Mwoga wakati huo yuko wapi? Yuko kibarazani na daftari. Ameambiwa mali bila daftari hupotea bila habari, naye ameshika kwamba hata uzito ni mali. Anaandika: plaiwudi ya milimita 18, kilo 30 na ushee kila karatasi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, inakaribia kilo 30. Maji lita 40, kilo 40, hapo hakuna ubishi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ambao haujawahi kuwa na kilo 6 hata siku moja kwa sababu chuma chake peke yake kinazidi gesi iliyomo. Tairi la akiba, godoro, sufuria, na kreti la soda ambalo shemeji ataliingiza dakika ya mwisho. Kreti hilo analiandika kabla halijaja. Anajumlisha, anapata kama kilo 600, anatafuta ekseli na springi za kilo 750, basi. Akikosa, anachukua ekseli ya nyuma ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Starlet: nyepesi, haina difu, beringi zake ziko kila duka la spea, na ilizaliwa kubeba nyuma ya gari lililojaa abiria, uzito usiopishana sana na wa tela lake. Akiwa na springi zilizozidi nguvu, anazipunguza tabaka moja moja mpaka tela libonyee kidogo akikaa juu yake. Inachosha hata kusimulia.

Chomelea kila kinachocheza

Springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa tabaka, hufungwa ncha zote mbili chini ya chasisi. Ncha ya mbele hukaa kwenye pini. Ncha ya nyuma hukaa kwenye vibao viwili vidogo vya chuma vinavyoning'inia na kubembea. Ukimwona fundi anaweka vibao hivyo, muulize kwa nini anaacha kitu kikicheza. Shujaa hapendi vitu vinavyocheza. Mwambie achomelee ncha zote mbili, imara kabisa.

Springi ikibonyezwa hurefuka, na vile vibao vipo ili ipate pa kurefukia. Ukivinyima nafasi, umelipia springi ukapata kipande cha chuma. Ukitaka kukamilisha, chomelea na ekseli moja kwa moja kwenye springi, uokoe bei ya bolti nne za umbo la U. Joto la kuchomelea huua ugumu wa chuma cha springi palepale panapobeba uzito wote. Itakatika, na kwa desturi ya springi haikatiki mbele ya gereji. Vipande usivitupe: wahunzi wanaipenda springi ya gari kwa kufulia mapanga, kwa hiyo hutarudi nyumbani mikono mitupu.

Wapo watakaokusifia ekseli ya mpira. Hiyo ni bomba la mraba ambalo ndani yake kuna chuma kingine cha mraba kilichogeuzwa upande, na mipira minne imebanwa katika pembe zilizobaki. Gurudumu likipanda, mkono wake unazungusha chuma cha ndani, mipira inajibana, mtikisiko unaishia humo. Haina bushi ya kupiga grisi, haina kelele, na tela linakaa chini zaidi. Ni kitu kizuri, sitakudanganya. Kwa mtu ambaye safari zake ni Bagamoyo na Morogoro kwa lami ningemwambia aichukue. Ila mipira yake ikichoka haibadilishwi njiani. Unatupa ekseli nzima. Ikikufia Kibondo, fundi wa Kibondo atakuletea kiti ukae. Springi za bapa zina mtu wake kila mji, na tabaka zake zinaposuguana zenyewe kwa zenyewe hupunguza mruko hata bila shokapu. Springi za koili haziwezi hilo: ukiziweka bila shokapu, tela litaendelea kuruka tuta la Mdaula likifika Mikese.

Mzaha kando kidogo: kwa barabara zetu, chukua bapa.

Kisha kuna suala la unyoofu. Mwoga anakuja na uzi wa nailoni. Anafunga ncha moja katikati ya kishikio cha mbele, pale litakapoingia tufe la gari, anauvuta hadi katikati ya habu ya kulia, anaubana kwa kidole, anauhamishia kushoto. Kidole kinaangukia nje ya alama kwa upana wa kucha. Anamwomba fundi alegeze bolti, anaigonga ekseli kwa nyundo ya mbao, anavuta tena. Kulia. Kushoto. Bado nusu kucha. Fundi anatazama saa. Anagonga tena, mara hii kidogo tu, anavuta. Kulia, kushoto, sawa. Ndipo anaruhusu bolti zikazwe. Shujaa kwa upande wake hufumba jicho moja, akasema "ipo sawa hiyo", na matairi yake hulika upande mmoja tu, jambo ambalo fundi wa tairi atamweleza kuwa ni matairi feki.

Kuhusu chasisi

Hapa mashujaa wamegawanyika madhehebu mawili. La kwanza linaamini chuma. Linanunua chaneli ya inchi 4, ile ya kujengea ghorofa, linaizungusha tela lote na kuweka mihimili katikati kila baada ya futi moja. Fremu ikisimama, watu wanne hawainyanyui. La pili linaamini bajeti. Linatumia mabomba yaleyale ya vitanda na madirisha, ambayo ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba fundi akikawia sekunde moja anatoboa.

Madhehebu yote mawili yamesahau kuitazama plaiwudi. Ubavu wa tela hili ni karatasi iliyosimama wima, kimo chake karibu futi 4, imegundishwa na kufungwa skrubu kwenye sakafu kwa urefu wake wote. Mbao iliyosimama hivyo haipindi kirahisi, hata ikitobolewa mlango. Yaani boksi lenyewe linajibeba, na chuma cha chini yake hakihitaji kuwa kizito. Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, ukuta milimita 3, lina kilo 4 na nusu hivi kwa mita. Vipande vitatu vya mita 6 vinatosha fremu na mkono wake wa mbele unaoshika gari, na jumla ni kilo 80 hivi. Pima ukuta huo mwenyewe kwenye ncha iliyokatwa, dukani, kabla hujalipa.

Nguvu inatakiwa mahali pawili: zinapofungiwa springi, na mkono unapokutana na fremu. Hapo pa pili ndipo shujaa hujipatia sifa. Anakata mkono uishie kwenye mhimili wa mbele kabisa, anachomelea kuuzunguka pande zote nne, nene, inapendeza. Kila tuta linaukunja mkono juu na chini mahali palepale, na ufa huanzia kandokando ya kile kidonda cha kuchomelea kilichokatisha juu ya bomba. Mwoga anaupitisha mkono chini ya mhimili wa mbele hadi wa pili, anachomelea ubavuni kufuata urefu wa bomba, na juu na chini hapagusi. Hata tundu la mnyororo wa usalama analitoboa ubavuni, katikati ya kimo. Mkono wenyewe kauacha mrefu. Wa shujaa ni mfupi, unapendeza kwenye picha, na siku ya kurudi nyuma kambini tela linaamua lenyewe pa kwenda huku watoto wakishangilia.

Ukinunua bomba lililopakwa zinki, kuchomelea kwake kunatoa moshi mweupe, na fundi ataomba hela ya maziwa. Mpe, ni desturi, lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi ulikwenda kwenye mapafu. Afadhali aondoe zinki kwa grainda pale panapochomelewa, afanyie kazi nje, na asimame upande upepo unakotokea.

Pa kuiweka ekseli

Katikati kabisa. Tela likijisawazisha unalinyanyua kwa mkono mmoja, majirani wanapiga makofi. Kama unataka zaidi ya hapo, sogeza ekseli mbele kidogo, halafu jiko, maji na mtungi vyote uvipange nyuma, kwa kuwa jiko liko nyuma.

Tela lisiloegemea gari halitulii. Kwa kilomita 40 kwa saa hutajua. Kwa 80, ukiwa kwenye mteremko, roli likakupita na upepo wake, mkia utayumba kushoto, utarudi kulia kwa nguvu zaidi, na kila mara utaongeza, mpaka gari lenyewe lianze kufuata. Shujaa hapo hukanyaga breki kwa miguu yote miwili, au huongeza mwendo ili "kulinyoosha". Mwoga huondoa mguu kwenye mafuta, hushika usukani bila kupambana, akangoja. Lakini hayo ni ya kusoma tu, maana yeye hayamkuti: ekseli yake iko nyuma kidogo ya katikati, na pua ya tela lake inaegemea gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa tela la kilo 600 hiyo ni kilo 60 hadi 90.

Breki za tela nazo shujaa anazo sababu za kuziruka. Amesikia kwamba Ulaya tela la kilo 750 kushuka chini halilazimiki kuwa na breki. Ni kweli, na kilo hizo zinahesabiwa likiwa limeshapakiwa, kreti la shemeji likiwa ndani. Ukizidisha hapo, kona za Soni kushuka Mombo ndizo zitakazokueleza ni nani anayemsukuma nani.

Magurudumu: yawe sawa na ya gari linalovuta. Hilux nyingi zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser za mfululizo wa 70 za karibuni zina tano kwenye 150, magari madogo yana yake. Yakilingana, tairi moja la akiba linaokoa vyote viwili. Na upana kati ya magurudumu ukilingana pia, kwenye mchanga tela linapita ndani ya alama za gari badala ya kujichimbia zake. Usajili wa TRA, taa na viakisi mwanga sitavieleza; trafiki wa kwanza atakueleza bure, au karibu na bure.

Imebaki kupima pua, na mizani huna haja ya kununua. Pale stendi kuna kijana mwenye mizani ya kupimia watu. Mwite nyumbani siku tela limeshapakiwa kila kitu, maji yamejaa. Zuia matairi kwa mawe, weka kigogo cha mbao juu ya mizani, shusha pua ya tela juu yake mpaka tela lilale sawa kama litakavyokuwa nyuma ya gari, soma namba. Ikiwa pungufu ya 60, hamishia maji mbele au legeza bolti na urudishe ekseli nyuma. Ikizidi 90, fanya kinyume. Halafu mlipe kijana zaidi ya anavyotoza kichwa kimoja, maana amepima familia nzima.